Aliyeacha Shule Akapima Galaksi: Stori ya Kitu Ambacho Hakuna Mtu Amewahi Kukiona

Desemba iliyopita tulikuwa ushago kwa matanga ya jirani. Niko zangu kwa kiti cha plastiki, sahani ya wali na maharagwe mkononi, mjomba akanivuta hadi kwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye kijiji kizima bado kinamuogopa kidogo.

"Mwalimu, huyu ni kijana wa dada yangu. Alikuwa anasomea fizikia chuo kikuu."

Mwalimu akaisikia hiyo "alikuwa" mara moja. "Na sasa uko wapi, kijana?"

"Niliacha mwaka wa pili, Mwalimu. Karo ilikataa. Siku hizi natengeneza video na kuandika. Historia ya sayansi."

"Kwa hivyo unafunza watu. Na wewe mwenyewe ulimalizia wapi kusoma?"

Sikuwa na jibu. Nilicheka kidogo nikaangalia sahani. Mathe, ambaye mpaka leo anawaambia wamama wa chama kwamba niko "likizo ndefu", akajifanya anaitwa jikoni.

Haya maandishi ndiyo jibu nililokosa siku hiyo. Na si kuhusu mimi sana. Ni kuhusu msafishaji mmoja wa California, mama mmoja wa watoto wanne, setilaiti iliyorushwa kutoka pwani yetu wenyewe, na kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukiona lakini ndicho kinashikilia galaksi zisitawanyike. Ukiwa kwa mat na umebakisha stage mbili, hifadhi usome ukifika. Ni ndefu.

Mwanaume wa nyumbu

Mwaka wa 1891 alizaliwa Mmarekani anaitwa Milton Humason. Akiwa na miaka 14 aliacha shule. Si karo, hapana. Alipenda tu milima, akaona darasani anapoteza wakati. Akaishia Mlima Wilson, ule ulio juu ya mji wa Pasadena, kazi yake ikiwa kuendesha nyumbu wanaobeba mbao, vyuma na chakula kupanda huko juu. Wakati huo kule kileleni kulikuwa kunajengwa kituo kikubwa cha kuangalia nyota.

Humason akampenda binti ya mhandisi wa kile kituo, wakaoana mwaka wa 1911. Mwaka wa 1917, mwaka ule ule ambao darubini mpya ya kioo cha inchi 100 ilikamilika, akapewa kazi pale kileleni. Kazi gani? Kufagia na kusafisha. Ndiyo, huyu ni msafishaji.

Usiku akawa anasaidia wanaastronomia kuelekeza darubini. Akajifunza kupiga picha za anga. Akajifunza hesabu kidogo kidogo kutoka kwa wale waliokuwa na subira ya kumfunza. Watu wakaanza kugundua kwamba picha za Humason zinatoka safi kuliko za wenye digrii. Mkurugenzi, George Ellery Hale, akafanya uamuzi ambao haukuwa wa kawaida kabisa: akamwajiri kama mfanyakazi wa sayansi. Mtu ambaye hata sekondari hakumaliza.

Sasa elewa kazi yenyewe ilikuwa gani. Mwaka wa 1923 Edwin Hubble, pale pale Mlima Wilson, alipata nyota fulani ndani ya Andromeda ambayo mwanga wake unapanda na kushuka kwa mpangilio. Henrietta Leavitt wa Harvard alikuwa ameonyesha tayari, mwaka wa 1912, kwamba ukijua nyota kama hizo zinachukua siku ngapi kupanda na kushuka, unaweza kujua mwanga wake halisi, na kutoka hapo umbali wake. Hubble akapiga hesabu, akakuta Andromeda iko nje kabisa ya galaksi yetu. Ghafla ulimwengu ukawa si galaksi moja. Ni nyingi mno.

Swali lililofuata: zinaenda wapi, na kwa kasi gani?

Kasi ya galaksi hupimwa hivi. Unapitisha mwanga wake kwenye kioo kinachoutawanya kama upinde wa mvua. Ndani ya hiyo rangi kuna mistari myeusi ambayo mahali pake panajulikana. Galaksi ikiwa inatuhepa, mistari yote inasogea upande wa rangi nyekundu. Ni kama ving'ora vya ambulensi. Ikikuja, sauti ni nyembamba. Ikikupita, sauti inazama. Masikio yako yanajua inaenda bila wewe kuiona.

Tatizo ni kwamba galaksi za mbali ni hafifu mno. Humason alilazimika kuacha kioo cha picha wazi usiku mzima, mara nyingine usiku baada ya usiku kwa kioo kimoja, huku akihakikisha darubini haihami hata unywele. Na chumba cha darubini hakiwashwi moto, kwa sababu hewa yenye joto inatikisa picha. Kwa hivyo ni baridi ya mlima, giza, na mtu mmoja ameshikilia nukta moja ya mwanga mpaka asubuhi.

Mwaka wa 1931 Hubble na Humason wakachapisha kasi za galaksi nyingi, zikiwemo kadhaa za kundi moja la mbali linaloitwa Coma. Kumbuka hilo jina. Coma. Tutalirudia.

Mzungu wa mdomo mkali

Chini ya mlima, pale Pasadena, kulikuwa na mwanafizikia Mswisi aliyezaliwa Bulgaria, Fritz Zwicky. Akili nyingi, mdomo mkali, marafiki wachache. Mwaka wa 1933 alichukua zile kasi za Coma akajiuliza swali ambalo mtoto angeuliza: hizi galaksi zinakimbia hivi, mbona hazijatawanyika?

Jaribu hii nyumbani. Funga kamba kwa ndoo ndogo ya maji, uizungushe. Ukizungusha polepole, mkono unavuta kidogo. Ukiongeza kasi, mkono lazima uvute kwa nguvu, la sivyo ndoo inaenda zake kwa dirisha la jirani. Galaksi hazina kamba. Zina graviti. Na graviti inatoka kwa uzito. Kwa hivyo kasi inakuambia uzito ambao lazima uwepo hapo katikati.

Zwicky akahesabu galaksi kama 800 za Coma, akakisia uzito wake kutokana na mwanga. Hesabu ikamwambia kasi zinafaa kutofautiana kwa kilomita 80 hivi kwa sekunde. Vipimo vilivyotoka mlimani vikasema kilomita 1,000 na zaidi kwa sekunde.

Hiyo si tofauti ndogo. Akaandika, kwa Kijerumani, kwamba labda kuna maada ya giza nyingi kuliko inayong'aa. Makadirio yake yakatoka mara 400.

Hapa nataka niwe mkweli, kwa sababu video nyingi zinaruka hii sehemu. Namba ya Zwicky ilikuwa imezidi sana. Vipimo vya umbali vya wakati huo vilikuwa na kosa kubwa, na kosa hilo lilivimbisha hesabu yake. Lakini hata ukirekebisha kwa namba za leo, shida haiishi. Inapungua tu. Jibu lake lilikuwa na kosa, swali lake lilikuwa sawa.

Na watu walifanya nini? Kwa miaka karibu 40, wengi walilipita tu kama unavyopita mtu anayegawa karatasi za matangazo pale Archives.

Uhuru kutoka Ngomeni

Sasa hapa ndipo stori inaingia kwetu, na mimi sikuwahi kufunzwa hii kitu shuleni. Kila Jamhuri Dei tulikuwa tunasikia gwaride na hotuba.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa lililosimama ndani ya Bahari ya Hindi, pale Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, linaitwa San Marco. Setilaiti ilikuwa ya Wamarekani. Walichagua hapo kwa sababu ni karibu na ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia wenyewe unaisukuma roketi. Msimamizi wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na ile setilaiti ikapewa jina la heshima kwa wenyeji: Uhuru.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kuangalia anga kwa eksirei peke yake. Kabla yake watu walikuwa wanarusha roketi zinazochungulia dakika chache kisha zinaanguka. Hii ilikaa juu zaidi ya miaka miwili, ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Kiongozi wa sayansi yake, Riccardo Giacconi, baadaye akapata Nobel, mwaka wa 2002.

Na moja ya vitu ambavyo Uhuru ilionyesha ni kwamba yale makundi makubwa ya galaksi yanang'aa kwa eksirei. Likiwemo lipi? Coma.

Maana yake ni kwamba kati ya galaksi hakuna utupu. Kuna gesi, ya joto la mamilioni ya digrii, na nyingi mno: ukipima uzito, gesi hiyo inazidi nyota zote za kundi. Unaweza kusema, ala, kwani si hiyo ndiyo maada ya giza ya Zwicky? Wengi walijiuliza hivyo. Lakini haitoshi. Halafu inaongeza shida badala ya kuimaliza, kwa sababu gesi ya moto hivyo inataka kutoroka. Ni kama mvuke wa sufuria: lazima kuwe na kifuniko. Ile graviti inayoizuia isitoroke inahitaji uzito mwingi kuliko gesi na nyota zikiwekwa pamoja.

Kwa hivyo ushahidi wa pili wa kile kitu kisichoonekana ulikusanywa na chombo kilichotoka Ngomeni, chenye jina la Kiswahili. Hapo nilisimamisha kusoma nikatembea nje kidogo.

Mama wa watoto wanne

Wakati huo huo Washington kulikuwa na Vera Rubin. Akiwa msichana alitaka kusoma astronomia Princeton, akaambiwa hawachukui wanawake katika kozi hiyo ya juu. Walianza kuwachukua mwaka wa 1975. Akasoma kwingine, akapata udaktari mwaka wa 1954 huku akilea. Mwaka wa 1965 akawa mwanamke wa kwanza kuruhusiwa rasmi kutumia darubini za Palomar. Huko kulikuwa na choo kimoja, cha wanaume. Anasimulia mwenyewe alivyokata karatasi ya umbo la sketi akaibandika kwa kile kichoro cha mwanaume mlangoni.

Rubin hakutaka kupigana na mtu kuhusu mada moto za wakati huo. Akachagua kitu kilichoonekana cha kuboesha: kupima jinsi nyota za Andromeda zinavyozunguka, kutoka katikati mpaka ukingoni. Mwenzake Kent Ford alikuwa ametengeneza kifaa kinachokuza mwanga hafifu, kwa hivyo kazi ambayo Humason angeifanya usiku mzima sasa ilichukua saa chache.

Kila mtu alijua jibu litakuwa nini. Angalia sayari zetu. Utaridi, iliyo karibu na jua, inakimbia kilomita 47 kwa sekunde. Dunia, 30. Neptuni, iliyo mbali kabisa, 5 na kitu. Uzito uko katikati, ukienda mbali kasi inashuka. Galaksi ina mwanga mwingi katikati, kwa hivyo nyota za ukingoni zinafaa ziende pole.

Hazikuenda pole. Mwaka wa 1970 Rubin na Ford wakachapisha Andromeda: ukingoni kasi haishuki vile inavyotakiwa. Mwaka wa 1978 Albert Bosma wa Uholanzi, kwa darubini za redio, akaonyesha hali ni hiyo hiyo hata mbali zaidi ya mahali nyota zinaishia. Mwaka wa 1980 Rubin, Ford na Norbert Thonnard wakaleta galaksi 21. Zote, mchoro umelala bapa kama barabara ya Mombasa ukishapita Voi.

Galaksi moja unaweza kusema ni bahati mbaya. 21 si bahati mbaya.

Panda Ngong usiku, angalia Nairobi. Utaona taa. Ukikadiria idadi ya watu kwa kuhesabu taa peke yake, utakosa kila nyumba ambayo stima imepotea. Wanaastronomia walikuwa wamehesabu taa kwa miaka mingi. Rubin akahesabu trafiki.

Alifariki tarehe 25 Desemba 2016 bila Nobel. Nimesema hivyo tu, jaza mwenyewe.

Picha zilizopinda

Mpaka hapa tumetumia kasi. Lakini kuna njia nyingine, na ndiyo imefanya niamini kwamba picha ya galaksi ni zaidi ya mapambo ya simu.

Einstein alisema uzito unapindisha njia ya mwanga. Mwaka wa 1919 kupatwa kwa jua kulitumiwa kulipima hilo, kutoka kisiwa cha Principe huku Afrika na kutoka Sobral, Brazil, na nyota zilizokuwa karibu na jua zikaonekana zimesogea kidogo. Mwaka wa 1936 mhandisi mmoja mhamiaji kutoka Czechoslovakia, Rudi Mandl, si profesa wa chuo chochote, alimfuata Einstein mpaka akakubali kuandika kuhusu nyota kuwa kama lenzi ya nyota nyingine. Einstein akaandika kumridhisha, akaongeza kwamba hakuna tumaini la kuiona. Mwaka uliofuata nani akasema mnakosea, msitumie nyota, tumieni galaksi? Zwicky. Huyo huyo. Na mwaka wa 1979 ikaonekana: kwasari moja inaonekana mbili, kwa sababu kuna galaksi katikati inayopindisha mwanga wake.

Hizo ndizo kubwa, za kuonekana kwa macho. Mara nyingi mpindo ni mdogo sana, kama asilimia moja, na galaksi yenyewe tayari ina umbo lake, ndefu au bapa. Utajuaje imepindishwa?

Fikiria uko nyuma kabisa kwa mathree ya abiria 14, dirisha limejaa ukungu, huoni barabara. Abiria mmoja akiinama kushoto, labda amelala. Lakini wote 14 wakiinama kushoto kidogo kwa wakati mmoja, unajua gari linapiga kona. Hujaiona hiyo kona. Umeisoma kwa watu.

Wanafanya hivyo kwa galaksi. Moja haikuambii kitu. Ukichukua maelfu, halafu mamilioni, ukakuta katika sehemu fulani ya anga zote zimeelemea upande mmoja kidogo, unajua mbele yake kuna uzito. Mwaka wa 2000 timu nne tofauti zilitangaza kwamba zimeuona mwelekeo huo kwenye anga pana. Leo wanachora ramani: hapa kuna maada ya giza nyingi, hapa kidogo, hapa karibu hakuna.

Mwaka wa 2006 ikaja ile picha ya Bullet, makundi mawili ya galaksi yaliyogongana na kupitana. Ile gesi ya moto, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maada ya kawaida, iligongana ikabaki nyuma katikati. Lakini mwanga wa galaksi za nyuma ulionyesha uzito mwingi haukubaki na gesi. Uliendelea mbele, ukatenganishwa nayo. Kwa wale waliosema labda hakuna maada ya giza, labda ni sheria za graviti tunazikosea, wazo ambalo Mordehai Milgrom alilileta kwa umakini mwaka wa 1983, hiyo picha ikawa ngumu kueleza.

Wavu

Mwaka wa 1986 Valérie de Lapparent, Margaret Geller na John Huchra walichora ramani ya galaksi 1,100 hivi katika kipande chembamba cha anga. Walitarajia zimetawanyika tu. Zikatoka kwa mistari, na kati ya mistari kuna maeneo makubwa matupu. Katikati ya ramani kuna umbo kama la mtu aliyechorwa na mtoto, mikono imetanuka. Kifua cha huyo mtu ni Coma. Bado hilo hilo kundi la Humason.

Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba maada ya giza ilijikusanya kwanza, ikatengeneza wavu, halafu maada ya kawaida ikaporomoka ndani yake kama maji yanavyofuata mitaro. Galaksi zinawaka pale nyuzi za wavu zinapokutana. Kwa hesabu za sasa, vitu vyote vya kawaida, wewe, mimi, ugali, jua, nyota zote, ni kama asilimia 5 ya ulimwengu. Maada ya giza ni kama 27. Iliyobaki, kama 68, wanaiita nishati ya giza, na hiyo ni stori ya siku nyingine.

Tarehe 1 Julai 2023 Wazungu wa Ulaya walirusha darubini ya Euclid, kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, ipige picha theluthi ya anga yote kwa miaka sita na kupima maumbo ya galaksi zaidi ya bilioni moja. Juni 2025, huko Chile, kituo kipya chenye kamera ya megapikseli 3,200 kilionyesha picha zake za kwanza. Kinaitwa Vera C. Rubin. Walimnyima mlango, sasa jina lake liko kwa jengo.

Na pamoja na hayo yote, hakuna mtu amewahi kukamata hata chembe moja ya maada ya giza. Wameweka vipimo chini ya milima na ndani ya migodi, wamesubiri miaka. Hakuna kitu. Tunajua mahali ilipo, tunajua uzito wake. Hatujui ni nini.

Jibu langu kwa Mwalimu

Sasa nirudi kwa yule mzee.

Ningeweza kumwambia, "Mwalimu, Humason aliacha shule akiwa na miaka 14." Lakini hiyo ingekuwa nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inauzwa sana mtandaoni. Unajua zile video za "fulani aliacha chuo akawa bilionea". Sitaki kuwa mmoja wao. Sikuacha chuo kwa sababu mimi ni jiniasi. Niliacha kwa sababu ya deni, na nikilipata nitarudi. Kama wewe uko ndani, kaa ndani.

Humason hakufanikiwa kwa sababu aliacha shule. Alifanikiwa kwa sababu kulikuwa na mlima, kwa sababu mtu alimwonyesha darubini inavyofanya kazi badala ya kumuuliza cheti, na kwa sababu bosi mmoja aliangalia kazi yake ilivyo, kisha akampa funguo. Halafu yeye mwenyewe akakaa kwenye baridi maelfu ya masaa. Toa kimoja hapo na hakuna Humason. Bila Humason, Zwicky hana namba za kupigia hesabu. Mwaka wa 1950 chuo cha Lund, Uswidi, kilimpa udaktari wa heshima. Kazi ilikuwa imeshafanyika zamani.

Na Ngomeni? Roketi ya mwisho iliruka kutoka pale mwaka wa 1988. Tumekuwa na Shirika la Anga la Kenya tangu 2017. Mlima tunao, ni vile tu wetu uko baharini. Swali langu, na hili si la kisiasa, ni la kawaida kabisa: ni watoto wangapi wa Ngomeni wamewahi kuonyeshwa kwamba Coma ilipimwa kutoka mlangoni kwao? Wangapi wanajua kwa nini ile setilaiti inaitwa Uhuru? Mtu hawezi kuomba funguo za nyumba ambayo hajui ipo.

Kwangu, nimeanza na mlango mdogo. Tangu 2007 kuna mradi unaitwa Galaxy Zoo ambapo mtu yeyote anaainisha maumbo ya galaksi. Agosti 2024 waliweka picha za Euclid. Hawakuulizi digrii. Wanakuuliza: hii ni ya mviringo au ina mikono? Mikono mingapi? Inaonekana inagongana na nyingine? Watu karibu elfu kumi walijibu, majibu yao yakafunza programu ya kompyuta, na Machi 2025 ikatoka orodha ya galaksi zaidi ya 380,000 zilizopangwa kwa maumbo.

Mimi hufanya usiku, bando za usiku ni rahisi. Juzi mathe aliamka kunywa maji akanikuta.

"Unaangalia nini saa hizi?"

Nikamwonyesha. Galaksi moja, ndogo, imepinda kidogo upande.

"Hii iko wapi?"

"Mbali sana, mathe. Mwanga wake ulitoka huko kabla dunia iwepo."

Akakaa kwa ukingo wa kitanda, akavaa miwani yake ya kusomea, akachukua simu. Akaangalia, akasema ina mikono miwili. Mimi nilikuwa nimeona mmoja. Nikaangalia tena. Ilikuwa miwili.

Tukafanya kama 20 hivi kabla alale. Kesho yake nilimsikia kwa simu na mwenyekiti wa chama. Hakusema likizo. Alisema, "Huyu wangu anahesabu galaksi." Halafu akaanza kueleza galaksi ni nini, na aliieleza vizuri.

Desemba nikirudi ushago nitamtafuta Mwalimu. Nitabeba simu, na bando ya kutosha.